Kosa Langu la Namba Sita

Alhamisi, jioni. Mvua ilinyesha mchana ikakatika, na sasa upepo unashuka kutoka upande wa milima ya Mau na harufu ya majani mabichi na moshi wa jiko la hosteli. Hii baridi ya Njoro haina adabu. Nimevaa sweta mbili na bado nimejifunika blanketi. Kuna udongo chini ya kucha zangu na sina mpango wa kuutoa leo.

Shajara, kaa vizuri. Leo nina maringo.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Nyambura, nasomea sayansi ya udongo, mwaka wa tatu, na sioni. Macho yaliniacha nikiwa na miaka mitano, kwa hivyo msianze kunihurumia, nimezoea kuliko nyinyi. Kompyuta hunisomea ninachoandika kwa sauti ya mwanamke asiyechoka wala kushangaa. Nikimwambia nimefiwa au nimeshinda, kwake ni mamoja. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

Nitaanza na aibu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nina furaha ya nini.

Kwa miaka miwili nilipata hamsini kwa mia katika kila mtihani wa vitendo. Hamsini kamili, muhula baada ya muhula, bila kukanyaga maabara. Idara ilikuwa imeandika barua kwamba kutokana na hali yangu nimesamehewa vitendo na nitawekewa alama ya kunivusha. Alhamisi asubuhi wenzangu walikwenda kufinyanga udongo kwa maji yanayouma vidole. Mimi nilibaki chumbani nikila mandazi.

Nilizipenda zile alama. Wacha niseme ukweli. Nilizipenda sana.

Barua iliandikwa na Daktari Makori, mhadhiri wetu wa udongo, na si mtu mbaya. Hapo ndipo kulikuwa na shida. Mtu mbaya ningegombana naye nikalala vizuri. Daktari Makori hunifungulia mlango, hunisogezea kiti, na akiongea nami hupunguza sauti kana kwamba macho yangu yamelala na hataki kuyaamsha. Sikujua unamwambiaje mtu kama huyo kwamba amekufungia nje. Halafu, kama nilivyosema, kule nje kulikuwa na mandazi.

Likizo ya Disemba nikaenda nyumbani Ndabibi. Mama analima vitunguu na viazi huko, na majirani wote wanajua binti yake anasomea udongo, kwa sababu hakuna ambaye hajaambiwa. Siku ya tatu akaja Mama Tobiko, jirani wa upande wa juu, na sufuria mkononi. Akaniwekea sufuria mapajani.

“Nyambura, si wewe ndiye unasomea mchanga huko chuo? Hebu nishikie hii. Kitunguu yangu inakauka na mimi namwagilia kila siku. Ni nini?”

Nikatia mkono ndani. Nikashika, nikageuza, nikaanza kutoa maneno makubwa ya darasani, mambo ya madini na milima ya moto ya miaka mingi iliyopita. Mama Tobiko alingoja mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza kwa upole, “Sasa nifanye nini?”

Sikujua. Nilikuwa nimeshika udongo wa nyumbani, udongo nilioanguka ndani yake nikijifunza kutembea na fimbo, na sikujua kama ni kichanga au tifutifu. Ningeweza kukuandikia kurasa nne kuuhusu. Kuushika na kusema huu ni nini, hapana. Mama alichukua sufuria, akamrudishia mwenzake, akanituma nikaoshe mikono.

Nilikaa bombani muda mrefu kuliko udongo uliokuwa mikononi ulivyohitaji.

Januari nikaenda ofisini kwa Daktari Makori. Nikamwambia nataka kufanya vitendo na mtihani wake, kama wengine.

“Nyambura, hii ni risk,” akasema kwa ile sauti ya chini. “Ukiachana na exemption, hizo hamsini zinaenda. Ukipata chini ya arobaini, unarudia mwaka mzima. Na sitaki hiyo ikupate.”

“Hata mimi sitaki, Daktari. Lakini nataka.”

“Na rangi utafanyaje?”

Hapo alikuwa amenipata. Udongo husomwa kwa rangi pia. Kuna kitabu chenye vipande vidogo vya rangi, vyekundu, vya kahawia, vya manjano, kila kimoja na namba yake. Unalinganisha udongo na kipande, unaandika namba, kisha unaeleza rangi hiyo inamaanisha nini: maji hutuama hapo, au kuna mbolea ya asili, au kuna chuma kingi. Maelezo nayajua kama jina langu. Kitabu chenyewe kwangu ni karatasi laini tu.

Aliyetoa njia ni Madam Chepkoech, fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye viatu vyake hulia kwik kwik kila anapokwenda. Idara ilipokaa kunijadili, bila mimi, yeye ndiye aliyeuliza kama mtihani unapima macho au unapima kama mtu anajua udongo. Akapendekeza asimame karibu nami, alinganishe rangi, aniambie namba, na maelezo yawe yangu. Wakabishana saa nzima. Mwishowe wakakubali, na nikatia sahihi karatasi ya kuachana na zile hamsini. Daktari Makori aliniwekea kidole kwenye mstari.

Habari ikafika darasani, na Kibet akaiweka mezani. Kibet ni mwakilishi wetu wa darasa, kijana wa Salgaa, sauti kubwa, mcheshi, anayejua kila mtu na kila kitu. Kwenye grupu la WhatsApp akaandika, na simu yangu ikanisomea: “Mtihani ni mtihani. Huyu akisomewa rangi, kesho mwingine atasomewa majibu. Hiyo ni favour.” Halafu ile sauti ya simu, bila aibu, ikaendelea: uso unaocheka kwa machozi, uso unaocheka kwa machozi, uso unaocheka kwa machozi.

Iliniuma. Hasa vile vicheko vitatu, kwa sababu simu haijui kuviruka.

Kibet hakuishia hapo. Alipeleka malalamiko idarani, kwa maandishi. Daktari Makori, anayeogopa malalamiko kama ng’ombe anavyoogopa daraja, akatoa uamuzi wa kumnyamazisha kila mtu: siku ya mtihani, rangi atasomewa yeyote atakayeinua mkono. Si Nyambura peke yake. Yeyote. Basi hakuna favour, hakuna upendeleo. Kumbukeni uamuzi huo, nitaurudia.

Ikabaki mimi kujifunza katika miezi mitatu kile ambacho wenzangu walikuwa wamejifunza miaka miwili. Saa ya chakula cha mchana Madam Chepkoech aliniachia maabara wazi. Unachukua udongo wa kujaza kiganja, unautilia maji kidogo kidogo, unaukanda kama unga wa chapati, kisha unausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Utepe ukikataa kutoka, hapo kuna kichanga kingi. Ukirefuka bila kukatika, ni mfinyanzi. Ndiyo kazi yote, na ni ngumu kuliko inavyosikika.

Watu hudhani kipofu amezaliwa na vidole vya ajabu. Vyangu vilikuwa vidole vya kushika kikombe cha chai. Wiki tatu za kwanza nilizidisha maji kila mara, nikatengeneza uji. Madam Chepkoech hakuwahi kusema pole. Alisema, “Mwaga. Anza tena.” Sijui kama anajua alichonifanyia kwa maneno hayo matatu.

Udongo wa kujifunzia ulitoka kwenye rafu ya nyuma. Idara yetu ina desturi: kila anayejiunga mwaka wa kwanza huja na mkebe wa udongo wa kwao. Kuna mikebe ya mafuta ya kupikia, ya maziwa ya unga, hata ya rangi ya nyumba, kutoka Molo, Bomet, Lodwar, Kisii, Kilifi, kila pembe. Siasa ikipamba moto hosteli hugawanyika, watu huanza kuulizana majina ya ukoo, lakini ile mikebe hukaa rafu moja mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuitenganisha. Wangu uko pale tangu siku ya kwanza. Niliubeba mwenyewe kutoka Ndabibi, mkebe wa mafuta uliobonyea ubavuni. Udongo wangu uliingia maabara miaka miwili kabla yangu.

Sasa leo.

Saa mbili asubuhi tulipanga foleni kwenye korido, kila mtu akipumulia viganja. Nilikuwa nikihesabu: chini ya arobaini, narudia mwaka, na Mama itabidi awaeleze wale wote aliowaambia. Kibet alipita karibu nami. Kwa kawaida husalimia korido nzima. Leo alisema tu, “Niaje Nyambu,” kidogo, akaenda kusimama nyuma. Nikafikiri ni kiburi.

Ndani kulikuwa na vibakuli vinane kwa kila mtu. Nikapapasa ukingo wa meza nikapata kitu kigumu kimegandishwa kwa gundi. Punje ya mahindi. Kwenye bakuli la pili, punje mbili. La tatu, tatu. Madam Chepkoech alikuwa amebandika namba za punje kwenye meza zote, si yangu tu. Nilisikia mtu akiuliza hizi ni za nini, na mwenzake akamjibu ni za kuchemsha githeri, bado maharagwe tu. Tukacheka, hata mimi, na pumzi ikanirudia.

Daktari Makori akasoma maagizo. Akamalizia kwamba yeyote anayetaka kusomewa rangi ainue mkono, Madam atamfikia.

Nikainua wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa huo upweke, kuwa mkono mmoja hewani na macho yote yamenigeukia. Viatu vya Madam Chepkoech vikaanza kuja, kwik kwik, vikanifikia.

Vikasimama kidogo, kisha vikanipita.

Vikaendelea mpaka nyuma kabisa ya maabara, vikatulia. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza nani hana kalamu, “Kibet, na wewe?”

Na Kibet, mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya barabara kuu, akajibu kwa shida, “Ndiyo, Madam. Mimi pia.”

Sikuelewa mara moja. Nilielewa nikiwa nimeshika bakuli la pili. Kibet haoni rangi kama wengine. Miaka yote hiyo alikuwa akichungulia namba kwa jirani. Aliponipinga hakuwa akilinda mtihani, alikuwa akijificha, kwa sababu watu wakianza kuangalia nani anasomaje rangi, atajulikana. Na malalamiko yake mwenyewe ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Lakini nilikuwa na udongo wa kufinyanga, kwa hivyo nikafinyanga, na Madam aliporudi kwangu akanisomea namba za rangi.

La kwanza lilikuwa mfinyanzi, utepe ulitoka mrefu mpaka ukalala kwenye kiganja. La pili tifutifu. Nikatia mkono kwenye la tatu, nikarudia kushika. Mwepesi. Vijichembe vya kukwaruza, na vijiwe vidogo vinavyokaribia kutokuwa na uzito, vile vya mlima wa moto, ambavyo utotoni tulivitupa majini kuona vikielea. Utepe ulikataa kabisa kutoka. Huu ni wa kwetu, nikasema moyoni. Haushiki maji. Unamwagilia asubuhi na mchana yote yameshuka chini. Mama Tobiko, kitunguu chako kina kiu, hata ukimwagilia mara tatu, mpaka utie samadi ya kutosha ya kuushikanisha.

Nikaandika yote hayo kwenye kompyuta, ila jina la Mama Tobiko.

La sita lilinisumbua. Utepe ulifika urefu wa kidole, nikaamua ni mfinyanzi, nikaendelea.

Daktari Makori husahihisha vitendo papo hapo, mmoja mmoja, mezani kwake. Madam Chepkoech akachapisha majibu yangu, nikaketi. Nilisikia kalamu ikipita kwenye karatasi, na kila ilipopita kwa mkunjo mfupi wa alama ya sawa, nikapumua. Moja hadi tano. Kisha ikasimama.

“Hii ya sita,” akasema kwa ile sauti ya chini, “umeandika mfinyanzi. Ni tifutifu yenye mfinyanzi. Lakini uko karibu. Uko karibu sana. Hii nitakupa.”

Shajara, hapa ndipo siku yangu ilipogeukia.

Sikujua nina alama ngapi. Nilijua kwamba alama ile moja ingeweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mwaka wa nne na kurudia wa tatu. Na ilikuwa imewekwa mbele yangu, ya moto, kama yale mandazi.

“Daktari, Kibet akiandika hivyo, utampa?”

Nikasikia kiti chake kikilalamika.

“Hapana,” akasema.

“Basi weka kosa. Na tafadhali, ukandamize kalamu.”

Nilidhani nimemkosea heshima. Kisha nikasikia kalamu ikichimba karatasi, mara mbili, kwa nguvu. Na aliponiongelesha tena hakupunguza sauti. Aliniongelesha kwa ile sauti anayotumia kwa wenzangu, ya kuchoka kidogo, yenye ukali kidogo. “Ulizidisha maji. Maji yakizidi, udongo unakudanganya utepe ni mrefu. Hiyo makosa usirudie kwa field.”

“Sitarudia, Daktari.”

Akapitia la saba na la nane, akapunguza alama hapa na pale kwenye maelezo, akajumlisha. “Na namba tatu sijawahi kuona mwanafunzi ameeleza hivyo. Sitini na nne. Next.”

Sitini na nne!

Zangu. Nilizipata kwa hivi vidole vya chai. Nilitoka nje nikasimama ukutani, nikalia kidogo, nikacheka kidogo, nikampigia Mama. Aliuliza mara mbili kama ni kweli nilishika udongo mwenyewe. Kisha nikamsikia akimwita mtu kwenye uzio, na najua kufikia sasa Ndabibi yote imeambiwa.

Kibet alinipata pale pale ukutani.

“Nyambu, ile kitu niliandika kwa grupu. Pole. Mimi hiyo nyekundu na hiyo brown naona tu zimefanana. Sijawahi ambia mtu. Hata mathe hajui.”

Nilikuwa na hotuba tayari tangu Februari. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na mwisho wake ulikuwa unauma. Nikaitafuta nikakuta imeniponyoka.

“Umepata ngapi?” nikamuuliza.

“Sitini na moja.”

“Mimi sitini na nne.”

Akacheka, kile kicheko chake cha kelele kilichoniudhi miezi yote hii, na nikagundua simu haijui kuiga kicheko cha mtu. Kisha akaniambia kwamba bakuli la sita, lile nililokosea, lilijazwa kutoka mkebe wake wa rafuni. Udongo wa Salgaa, kutoka nyuma ya hoteli ya mama yake. Nikamwambia haishangazi, udongo wenyewe ni mwongo kama mwenyewe. Nimemkumbusha zile alama tatu mara nne hivi kabla ya chakula cha mchana, na nitaendelea.

Madam Chepkoech nimemkuta akibandua punje za mahindi kwenye meza. Nikamwambia asante, nikaanza kueleza, akanikatiza. Ameambiwa azirudishe muhula ujao, meza zote, na rangi zisomwe kwa yeyote anayeuliza, mwaka wa kwanza hadi wa nne. Daktari Makori ameandika barua nyingine. Hii sijaiona bado, lakini nimeambiwa jina langu halimo ndani. Imeandikwa kwa wanafunzi wote.

Sasa giza limeshaingia na mikono yangu inanukia mvua. Najiuliza ni alama ngapi nyingine za huruma ninazokula bila kujua, na kama nitakuwa na ujasiri wa kuzirudisha. Sijui. Kuna baridi na mimi si malaika. Lakini kesho asubuhi nitampigia Mama Tobiko. Nitamwambia achimbe shimo la kufika magotini, anichukulie udongo wa juu na wa chini, asiuchanganye, na aniwekee kwenye ile sufuria yake. Nikifika nitaushika mwenyewe, na safari hii akiniuliza afanye nini, nitamjibu.

Karatasi iko hapa kando ya kompyuta. Alama za sawa hazishikiki, kalamu ilipita juu juu tu. Nimepitisha kidole kwenye namba sita kwa mara ya kumi leo. Mistari miwili iliyopishana, imezama kabisa. Naisikia yote.